Unangenehm: Kivumishi Kinachomhitaji Mpokeaji

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira na uhamaji mjini Berlin, Septemba 2024, hamu ya kujifunza Kijerumani ina sababu mpya. Muuguzi wa Kakamega anayejiandaa kwenda kazini huko hatalikwepa neno unangenehm. Tafsiri ya haraka ni "-baya", nayo haitoshi.

Neno hili lina nasaba na kitenzi nehmen, kuchukua. Angenehm ni kile mtu anachokipokea kwa radhi, un- hukanusha. Basi neno halikilaani kitu, linaeleza tu kwamba anayekipokea hakifurahii. Uvundo wa kutapisha Mjerumani huuita ekelhaft. Ndiyo maana naona Kiswahili kinalikaribia zaidi kwa kitenzi: isiyopendeza.

Upatanisho nao haupotei. Ein unangenehmer Geruch ni harufu isiyopendeza. Eine unangenehme Frage, swali lisilopendeza. Kijerumani hubadilisha mwisho wa neno, sisi mwanzo. Aliyelelewa kwa Luisukha ya huko Kakamega au kwa Kiswahili amezoea upatanisho tangu utotoni. Kinachomtatiza ni kwamba baada ya ist ("ni") viambishi hivyo vya mwisho huanguka vyote: der Geruch ist unangenehm, die Frage ist unangenehm. Sisi hatuwezi kusema hivyo. Harufu haipendezi, swali halipendezi, ngeli haituachi.

Tahadhari moja: ein unangenehmer Mensch si mtu asiyependeza. Kwetu asiyependeza ni wa sura au mavazi. Huyo anayesemwa na Mjerumani ni mtu anayekera, usiyetaka kukaa naye.

Lakini uzito wa neno uko wodini. Mzee anaogeshwa, anasema: Das ist mir unangenehm. Hilo mir, "kwangu", ndilo linalobeba maana, kama -ni- katika "hainipendezi". Huenda maji ni baridi, mwili unasumbuka. Huenda pia anaona haya kuvuliwa nguo mbele ya mgeni, na hili la pili hutokea mara nyingi. Kijerumani huyafunika yote mawili kwa neno moja. Kiswahili hulazimika kuchagua kati ya "inanisumbua" na "naona haya". Anayejua maana ya kwanza tu atapasha maji moto, kumbe mzee alihitaji shuka la kujisitiri. Kwa hiyo mwalimu azifundishe tafsiri zote mbili pamoja, na swali la kumuuliza mgonjwa pia: Ist Ihnen das unangenehm?