Bunduki Inapokataa Kulia

Leo somo letu la historia linaanza na swali nililoulizwa na mzee mmoja katika darasa la kisomo huku Ganako.

Mzee huyu, alipokuwa kijana, alifanya kazi katika shamba moja la kahawa upande wa Oldeani. Kazi yake ilikuwa kumchukulia mwenye shamba bunduki wakati nyati na nguruwe mwitu walipotoka msituni na kuingia shambani. Asubuhi moja ya baridi nyati alitokea karibu. Mwenye shamba akapokea bunduki, akalenga, akavuta. Bunduki ikasema "tik", basi. Nyati akaja. Wote wawili walipanda mti mmoja wakapona. Jioni ile ile kijana akafukuzwa kazi, akaambiwa kwamba bunduki ilikataa kwa sababu hakuisafisha.

"Bwana Elimu," akaniuliza, "miaka yote hii najiuliza. Je, kosa lilikuwa langu?"

Swali hili si dogo. Nilimwomba anipe juma moja, kwa maana katika historia swali hili limeulizwa na majeshi mazima, na mmoja wa watu waliohusika alipata kuwa na ardhi hapa jirani yetu, ndani ya kreta ya Ngorongoro.

Kwanza tuielewe bunduki yenyewe. Ninasema juu ya bunduki ya komeo, yaani ile yenye chuma chenye mkono ambacho mpigaji hukivuta nyuma na kukisukuma mbele ili kuingiza risasi. Hufanya kazi kama komeo la mlango: ukilisukuma mbele na kulipindua chini, mlango umefungwa. Kiwanda cha Mauser cha Ujerumani kilitoa bunduki ya namna hii mwaka 1898, na wawindaji wengi wa Afrika ya Mashariki waliichukua au walichukua nyingine zilizoiga umbo lake.

Sasa itazameni risasi. Ina ganda la shaba, na ndani ya ganda mna baruti. Mbele kuna kile kichwa kinachoruka. Nyuma, katikati ya kitako cha ganda, kuna kitu kidogo kama kifungo cha shati. Hiyo ndiyo fataki. Kidole kinapovuta kifyatulio, kamani iliyokazwa ndani ya komeo inaachiliwa, nayo inaisukuma pini mbele. Pini inagonga fataki, fataki inatoa cheche, cheche inawasha baruti, baruti inakitupa kichwa cha risasi. Pakiharibika mahali pamoja tu katika safari hii, utasikia ile "tik" ya mzee wetu.

Basi twende pwani, mwaka 1915, tuone kosa la kwanza, kosa la risasi.

Wakati ule nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani, na Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza. Manowari za Kiingereza ziliuziba mlango wa bahari. Askari wengi wa jeshi la Lettow-Vorbeck walikuwa bado na bunduki za kizamani za mwaka 1871, ambazo zilitoa moshi mwingi hata adui akajua mara moja mpigaji amejificha wapi. Wajerumani wakatuma meli ya siri. Ilikuwa meli ya Kiingereza iliyokamatwa, jina lake Rubens, ikapewa jina la Kidenmaki, Kronborg, ili ionekane kuwa ya nchi isiyo vitani. Ilibeba makaa ya mawe, bunduki mpya na mamilioni ya risasi.

Tarehe 14 Aprili 1915 manowari Hyacinth iliiona meli hiyo karibu na Tanga. Nahodha wake, Christiansen, akaikimbiza ndani ya ghuba ya Manza, akaizamisha penye maji machache na kuwasha mbao zilizokuwa juu yake. Waingereza wakauona moto, wakadhani kila kitu kimeteketea, wakaondoka. Baadaye wapiga mbizi wakaingia majini wakatoa shehena.

Bunduki ziliweza kusafishwa, lakini risasi zilikuwa zimekunywa maji ya chumvi. Ganda la risasi laonekana zima kwa nje, kumbe unyevu umepenya ndani na fataki imekufa. Huko Moshi watu walikaa kwa miezi wakizivunja risasi moja moja, wakikausha baruti na kuweka fataki nyingine mahali palipohitaji. Kisha wakazichambua kama mnavyochambua maharage. Zile zilizobaki nzuri zikawekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha. Zilizotengenezwa upya, kama takribani moja kati ya tano ilikataa kulia, zilipelekwa vitani. Zilizokuwa mbaya kuliko hizo zikatumiwa kufundishia shabaha.

Mfikirieni askari yule, ndugu zangu. Ana risasi tano. Moja haitalia, naye hajui ni ipi.

Lakini kosa si la risasi kila mara. Siku nane tu baada ya meli ile kuungua, tarehe 22 Aprili 1915, huko Ypres katika nchi ya Ubelgiji, Wajerumani walifungulia moshi wa sumu juu ya mahandaki ya adui zao. Mapigano makali yakafuata kwa siku nyingi. Miongoni mwa waliopigana hapo walikuwamo askari wa Kanada, na mikononi mwao walikuwa na bunduki iitwayo Ross.

Bunduki hii ilibuniwa na Sir Charles Ross, tajiri wa Uskoti aliyezaliwa mwaka 1872. Komeo lake halikupinduliwa kwa mkono. Lilivutwa moja kwa moja nyuma na kusukumwa moja kwa moja mbele, ili mpigaji apige upesi. Katika viwanja vya shabaha ilisifiwa sana, hata huko Bisley, Uingereza, ilishinda mashindano. Vitani ilikuwa habari nyingine. Chumba cha risasi kilikuwa chembamba mno, na risasi nyingi za Uingereza zilikuwa nene kidogo kuliko zile zilizokifaa. Risasi zilipopigwa upesi upesi, chuma kilipata moto, ganda likavimba likanasa. Komeo linalopinduliwa lina nguvu ya kulibandua ganda lililonasa. Komeo la kuvutwa tu halina nguvu hiyo. Askari walilipiga mateke kwa viatu na kuligonga kwa mipini ya sepeto, huku adui anakuja. Tena lilikuwako jambo la kutisha zaidi: komeo hilo liliweza kufunguliwa kwa kusafishwa na kurudishwa vibaya, likaonekana limefunga na kumbe halikufunga. Hapo bunduki ililia, na komeo likamrudia mpigaji usoni.

Baada ya mapigano ilionekana kwamba askari wa Kanada zaidi ya 1,400 walikuwa wamezitupa bunduki zao na kuokota Lee-Enfield za Waingereza waliokufa. Je, wakubwa walisema nini? Walioitetea bunduki ya Ross walisema kosa ni la risasi. Wengine walisema askari hawazitunzi bunduki zao. Mnaona? Ni maneno yale yale aliyoambiwa mzee wetu chini ya mti. Ilichukua mpaka mwaka 1916 kabla bunduki ile haijaondolewa mikononi mwa majeshi ya Kanada yaliyokuwa yakipigana Ufaransa na Ubelgiji. Mwaka 1917 serikali ya Kanada ilikitwaa kiwanda cha Ross kilichokuwa Quebec, na mwenyewe akalipwa fidia.

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya vita ile ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa wakilima na kufuga ndani ya kreta ya Ngorongoro. Walipanga ardhi hiyo kwa serikali ya Kijerumani. (Wamasai, waliokuwa wakilisha ng'ombe humo kabla yao, hawakuulizwa.) Vita ilipokwisha, mashamba yale yalihesabiwa kuwa mali ya adui, na aliyeyapata alikuwa Sir Charles Ross, yule yule. Mwaka 1921 alifika kreta pamoja na msafiri T. Alexander Barns, ambaye aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Ross alipenda kuwinda. Mwaka 1928 uwindaji ulipokatazwa ndani ya kreta, mashamba ya zamani ya Siedentopf ndiyo pekee yaliyoachwa nje ya katazo. Ross akafa mwaka 1942. Leo uwindaji hauruhusiwi katika eneo lote la Hifadhi ya Ngorongoro, na wenye bunduki humo ni askari wa ulinzi.

Basi, juma lililofuata nilirudi darasani nikamwambia mzee: "Mzee wangu, tuipeleleze bunduki yako. Ilipokataa, mwenye shamba alifanya nini?"

Akajibu kwamba alilivuta komeo mara ile ile juu ya mti. Nikawaambia wanafunzi wote kwamba hapo pana hatari. Wakati mwingine fataki huchelewa, nayo risasi hulia baada ya muda kidogo. Kwa hiyo anayefanya kazi ya bunduki hufundishwa kuuelekeza mtutu mahali pasipo na mtu, ahesabu polepole mpaka 30 au zaidi, ndipo afungue. Na kama bunduki imelia kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida, asipige tena kabla hajahakikisha kwamba mtutu u wazi, kwa kuwa huenda kichwa cha risasi kimenasa humo. Juu ya mti, nyati akiwa chini, sidhani kama ningehesabu hata mimi.

"Risasi ilipotoka," nikauliza, "uliiona?"

"Niliiokota mimi."

"Kwenye fataki palikuwa na alama?"

Hapa ndipo penye ushahidi, ndugu wasikilizaji. Kama hakuna alama, au ipo ndogo sana, pini haikugonga kwa nguvu. Huenda kamani imechoka, pini imevunjika, komeo halikufungwa sawasawa, au mafuta mazito yameganda kwa baridi kama hii yetu ya mwezi wa Julai. Hayo mafuta ni kazi ya msafishaji, na mzee alijua hivyo. Nilimwona anavyokaza macho. Lakini kama alama ni ya kina na ipo katikati, komeo na pini vimefanya kazi yao, na kosa laelekea kuwa la risasi.

Mzee alinyamaza. Kisha akasema, "Ilikuwa shimo. Ningeweza kutia ncha ya mwiba."

"Na risasi ziliwekwa wapi?"

"Stoo ya kahawa. Bati lilivuja tangu masika."

"Nani alikuwa na ufunguo wa stoo?"

Akacheka, akataja cheo cha mtu ambaye hakuwa yeye. Halafu akachukua chaki, akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kuandika neno fataki, akaliandika mara tatu juu ya kibao chake.