Kodi Sawa kwa Wasio Sawa



Kila inapopendekezwa kodi ya kiwango kimoja kwa watu wote, husemwa kwamba hiyo ndiyo haki. Historia ya jirani zetu wa Kenya yasema vingine.

Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ilipandisha kodi ya kibanda na ya kichwa kutoka rupia 5 hadi 8, ambazo baada ya fedha kubadilishwa zikawa shilingi 16. Mwenye ng'ombe mia na asiye na mbuzi hata mmoja walidaiwa sawasawa. Mwaka 1921, kodi ikiwa juu hivyo, waajiri walowezi wakaazimia kupunguza ujira wa vibarua kwa theluthi moja.

Na walowezi wenyewe je? Waliwekewa kodi ya mapato. Wakaipinga, ikafutwa mwaka 1922, isirudi hadi 1937. Serikali ikageukia ushuru wa bidhaa za kutoka nje, ushuru ambao haumwulizi mnunuzi ana kiasi gani mfukoni.

Harry Thuku, aliyeyapinga hayo, alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi ukitaka aachiwe. Askari wakafyatua risasi. Nao walikuwemo Waafrika, ambao jamaa zao vijijini walidaiwa kodi ile ile. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walihesabu zaidi.

Baadaye kodi iliteremshwa hadi shilingi 12, ingali ya kiwango kimoja. Thuku alikuwa amekwisha kupelekwa kizuizini Kismayu.