Mgomba Katika Nchi ya Theluji

Mwaka 1853 balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa Massawa, katika pwani ya Bahari ya Sham, alipeleka mbegu kwenye bustani ya Kew, karibu na London, akaarifu ya kuwa jina la mmea wake kwa wenyeji ni ansett. Mabingwa wa Kew hawakutambua walicholetewa. Hawakuwa wamepata kuona mbegu za mgomba, kwa kuwa ndizi za kuliwa hazina kokwa. Mbegu zilipoota na majani kukunjuka mapana kama matanga, ndipo ilipojulikana kuwa mmea huo ni jamaa ya mgomba, nao ndio ule ambao msafiri James Bruce aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1790. Kusini mwa Ethiopia ni chakula cha mamilioni ya watu: haulimwi kwa ajili ya ndizi zake, bali shina na tunguu lake hukunwa, hufukiwa shimoni mpaka vikachacha, kisha huokwa mkate. Uingereza ulifanywa pambo.

Lakini pambo hilo lilihitaji moto. Huko Chatsworth, Joseph Paxton alimjengea Mtawala wa Devonshire nyumba kubwa ya vioo kati ya 1836 na 1840. Mabomba ya maji ya moto yalipita chini yake, na makaa ya mawe yaliletwa kwa njia ya chini ya ardhi ili wageni wasione masizi wala wachukuzi. Hapo ndipo alipofundishwa kazi John Gibson, ambaye mwaka 1835 alipelekwa India kutafuta mimea. Mwaka 1864 Gibson alithubutu jambo jipya. Katika bustani ya umma ya Battersea, London, aliitoa mimea ya nchi za joto nje ya vioo, akaipanga uwanjani kama kwamba imeota hapo.

Watu walisongamana kutazama. Kati ya mimea iliyostaajabiwa ulikuwamo mbarika, ambao Mwafrika wa Mashariki huukuta umeota jalalani pasipo kupandwa na mtu. Walakini uzuri wa Battersea ulikuwa wa kukodi. Kiangazi kilipoanza mimea ilitolewa, na kabla ya jalidi ya kwanza, yaani umande ulioganda, ilirudishwa penye moto. Mwenye kulipa makaa na vibarua alikuwa na bustani. Asiye navyo alitazama ya mwenziwe.

William Robinson aliiona kasoro hiyo. Katika kitabu chake juu ya bustani za namna hii, kilichotoka mwaka 1871, alisema kuwa kinachopendeza ni umbo la jani, wala umbo hilo si mali ya nchi za joto peke yake. Iko mimea mingi istahimiliyo baridi yenye majani makubwa ya fahari. Kutoka China, Robert Fortune alikuwa amekwisha kuleta mti wa jamaa ya minazi na mitende usiouawa na theluji ya Uingereza. Hoja ya Robinson ilikuwa ya haki, ingawa waliokuwa na makaa hawakuwa na haraka ya kuisikiliza.

Vita Kuu ya 1914 ndiyo iliyowasikilizisha. Makaa yalitakiwa vitani na watunzaji wa bustani wakaitwa jeshini. Nyumba ya Chatsworth ilikosa moto, mimea yake ikafa kwa baridi, na mwaka 1920 ikabomolewa.

Baada ya hapo aliyependa majani makubwa ilimpasa kuuliza kila mmea huweka wapi uhai wake. Mgomba wa Kichina uitwao basjoo, ambao ulimpa mshairi Matsuo Bashō wa Japani jina lake, huuweka ardhini. Jalidi ikiunguza majani na shina, tunguu lililofunikwa kwa matandazo mazito hutoa machipukizi majira ya joto yarudipo. Na mtu akilizungushia shina nyasi kavu lisigande, mgomba huendelea pale ulipokoma, ukawa mrefu zaidi. Mgomba wa Ethiopia hauna akiba hiyo. Kwa kawaida hautoi machipukizi. Uhai wake wote umo katika moyo mmoja ndani ya shina, na moyo ukiganda mmea umekwisha. Kwa hiyo hung'olewa, hukatwa majani, huwekwa pakavu pasipofikiwa na jalidi, na kunyimwa maji. Maji ya huruma wakati huo ndiyo huuozesha.

Mwaka 1993 Christopher Lloyd, akiwa na Fergus Garrett, aling'oa mawaridi ya Great Dixter, Sussex, katika ua uliochorwa na Edwin Lutyens, akapanda migomba, dalia na mibarika mahali pake. Wako waliokasirika, kana kwamba waridi lilizaliwa Sussex. Lloyd alikufa mwaka 2006, na bustani ikaendelea mikononi mwa Garrett. Mibarika hupandwa upya kwa mbegu, dalia hufukuliwa jalidi ikiisha kuyageuza majani yake meusi, na basjoo huvishwa nguo zake za nyasi papo hapo ilipo, huku mgomba wa Ethiopia ukibebwa kwenda ndani.