Aliletwa au Alikuja

Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na karatasi zilikuwa zimemwishia. Akachukua magazeti ya zamani ya Uingereza, The Standard likiwamo, akaandika shajara yake juu ya maandishi yaliyokwisha chapwa. Wino nao aliutengeneza kwa mmea alioupata huko. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wa misafara waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400, wengi wao kwa kuzama mtoni. Livingstone aliyaona, akayaandika kwenye gazeti.

Alirudi Ujiji mwezi Oktoba akiwa mgonjwa, akakuta bidhaa zake zimeuzwa. Muda si mrefu akatokea Stanley. Mkutano huo ndio tuliofundishwa, na ndio uliojengewa mnara pale Ujiji penye miembe. Nimekulia Gungu, katikati ya Kigoma mjini na Ujiji, kwa hiyo safari ya shule kwetu ilikuwa kwenda pale pale kila mara. Habari za gazeti nimezikuta chuoni, nikisoma shahada ya uzamili ya historia.

Kinachonivuta zaidi ni kilichofuata. Livingstone aliinakili shajara ile kwenye daftari kubwa, na Stanley akalibeba daftari hilo mwaka 1872 alipokuwa akirudi Uingereza. Mwaka 1874, Livingstone akiwa ameshafariki, rafiki yake Horace Waller akachapisha kitabu kutokana na madaftari yake. Kwa zaidi ya karne moja dunia ilisoma nakala iliyopitiwa mara mbili, huku wino wa mmea ukififia hadi maandishi ya gazeti yakaushinda. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walitangaza matokeo ya kuzipiga picha kurasa zile kwa mwanga wa rangi mbalimbali, na mwandiko ukasomeka tena. Kumbe kwenye gazeti Livingstone aliwalalamikia watu wa msafara wake mwenyewe kwa ukali kuliko kwenye daftari.

Simlaumu. Maandishi safi yana kazi yake. Barua aliyoiandika Ujiji Novemba 1871 kuhusu mauaji yale ilichapwa Uingereza na kuongeza msukumo, na Juni 1873 Sultani Barghash akakubali kufunga soko la watumwa Zanzibar. Kurasa za gazeti zenye madoa na manung'uniko zisingeweza kufanya hivyo.

Lakini Nyangwe iko Manyema, na bibi yangu mzaa baba ni Mmanyema wa Ujiji.

Nilichapisha insha yangu ya kwanza kuhusu familia nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Sasa ziko tano, na mhariri mmoja anataka kuzikusanya katika kitabu kidogo. Ameniruhusu nizipitie upya kwanza. Nyingi zilihitaji kupunguzwa vivumishi tu. (Nilikuwa napenda sana neno "adhimu".) Moja ndiyo iliyonikalisha wiki tatu. Ndani yake niliandika kwamba bibi yake bibi aliletwa ng'ambo hii ya ziwa akiwa msichana mdogo. Hilo ni neno la bibi mwenyewe, alilolisema mara moja akichambua mchele, kisha akaanza kuuliza bei ya mafuta ya mawese.

Baba mkubwa alinipigia simu. "Mwanangu, hiyo ya mwanzo imeshapita. Kwenye kitabu andika alikuja. Alikuja na msafara."

Namwelewa. Wamanyema wa Ujiji ni wazao wa watu wengi: wafanyabiashara, wapagazi, na mateka pia. Zamani za misafara hata mtumwa aliyeshika mwenendo wa Pwani aliweza kujiita muungwana, na watu walilishika neno hilo kama ngao. Huku bado posa inapoletwa, wazee wanaulizia ukoo. Baba mkubwa ana mabinti wawili hawajaolewa.

Waliokuwa na nafasi ya kuandika waliandika. Tippu Tip mwenyewe aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Humo frasila za pembe zinatajwa tena na tena, ilhali waliozibeba, kwa sehemu kubwa, hawana majina. Bibi yake bibi hakuwa na gazeti wala wino. Alichoacha ni kitenzi kimoja katika kauli ya kutendwa, na mimi naombwa nikirekebishe.

Nimeliacha "aliletwa" mahali pake, na tarehe ya insha ya kwanza nimeiandika juu. Chini yake nimeongeza aya mpya: kwamba mwanawe bibi anasema alikuja, na kwa nini anasema hivyo. Jina lake sikulitaja. Nilimpelekea kurasa Gungu kwa mkono wa binamu yangu.

Alikaa nazo siku nne ndipo akapiga. Hakugusia kitenzi. Alisema nimesahau kuandika kwamba yule mama alikufa akiwa na shamba lake mwenyewe la michikichi, na kwamba watu walikuwa wakimfuata kumkopa mafuta.

Nimeiongeza.