Njaa ya Vita vya Majimaji katika Ungoni

Njaa ya Vita vya Majimaji katika Ungoni ilikuwa baa la njaa lililoikumba nchi ya Wangoni, yaani eneo la Songea na jirani zake katika Mkoa wa Ruvuma wa leo, kusini mwa Tanzania, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1905 hadi mwaka 1907. Njaa hiyo haikuletwa na ukame wala nzige. Ilisababishwa na majeshi ya kikoloni ya Kijerumani yaliyochoma vijiji, kuchukua au kuteketeza nafaka na kuwazuia watu wasilime, ili wapiganaji wa Majimaji walazimike kusalimu amri.

Wakazi wengi waliacha nyumba zao na kukimbilia misituni, milimani na ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako walijaribu kuishi kwa vyakula vya porini. Katika Vita vya Majimaji kwa ujumla, waliokufa kwa njaa na magonjwa yaliyofuatana nayo walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Mazingira na kilimo kabla ya vita

Wangoni walifika eneo la Songea katikati ya karne ya 19. Asili yao ni makundi ya Wanguni yaliyotoka Afrika Kusini na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba. Kufikia mwisho wa karne hiyo Ungoni ilikuwa na tawala mbili: Mshope upande wa kaskazini na Njelu upande wa kusini. Wakati wa vita Mshope ilitawaliwa na nkosi Chabruma, na Njelu na nkosi Mputa Gama. Songea Mbano, ambaye jina lake limebaki katika mji, alikuwa nduna wa Njelu, yaani kiongozi wa vita na mtawala chini ya nkosi. Wakazi wengi wa tawala hizo walikuwa wa asili nyingine, wakiwemo Wandendeule, waliomezwa katika jamii ya Kingoni.

Eneo hilo lina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Watu hupanda mwanzoni mwa mvua, na nafaka huvunwa baada ya mvua kukatika. Kwa sababu hiyo kila kaya hutegemea akiba ya mavuno ya mwaka mmoja kuvuka hadi mavuno yanayofuata. Miezi migumu zaidi ni ile ya Desemba hadi Machi, wakati akiba imepungua na mazao mapya bado hayajakomaa. Nafaka ilihifadhiwa katika vihenge vilivyosimama karibu na nyumba. Mtindo huo ulifaa wakati wa amani, lakini wakati wa vita adui aliyefika kijijini alikikuta chakula chote mahali pamoja.

Vita kufika Ungoni

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Chanzo chake kilikuwa chuki dhidi ya kodi, kazi za kulazimishwa na mashamba ya pamba. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi. Yeye mwenyewe alinyongwa na Wajerumani Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, lakini imani yake ilikuwa imekwisha kuenea.

Wangoni walijiunga na vita mnamo Septemba 1905. Mwezi huo misheni ya Wabenedikto ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilichomwa moto. Tarehe 21 Oktoba 1905 majeshi ya Kijerumani yaliishambulia kambi ya Wangoni kwa ghafula na kuua mamia ya watu, wakiwemo wanawake na watoto. Baada ya pigo hilo wengi waliona kwamba maji hayakuweza kuzuia risasi za bunduki za rashasha. Wapiganaji waliacha kukusanyika kwa wingi uwanjani, wakagawanyika katika vikundi vidogo vilivyoshambulia na kutoweka porini.

Mkakati wa kuteketeza chakula

Vita vya vikundi vidogo viliwasumbua Wajerumani, ambao walikuwa na askari wachache katika nchi kubwa. Mnamo Oktoba 1905 ofisa mmoja, Kapteni Wangenheim, alimwandikia gavana Gustav Adolf von Götzen akieleza kwamba mapigano peke yake yangekuwa tone tu baharini, na kwamba ni njaa na dhiki tu ambazo zingewafanya watu washindwe kabisa. Fikra hiyo ndiyo iliyotumika kusini mwote.

Mkakati huo ulikuwa na sehemu tatu. Kwanza, vikosi vilichoma nyumba na vihenge. Pili, nafaka na mifugo iliyopatikana ilichukuliwa kuwalisha askari, wapagazi na wenyeji waliokuwa upande wa serikali. Tatu, mashamba yaliharibiwa na watu wakafukuzwa wakati wa kupanda. Sehemu ya tatu ndiyo iliyokuwa na athari ya muda mrefu zaidi. Mapigano makali Ungoni yalitokea kati ya Septemba 1905 na katikati ya 1906, yaani yalifunika msimu mzima wa mvua. Kaya iliyopoteza akiba ya mavuno ya 1905 na pia kushindwa kupanda Desemba ilikuwa haina la kutegemea hadi mavuno ya 1907. Hata aliyetaka kurudi shambani mara nyingi hakuwa na mbegu, kwa maana mbegu ziliteketea pamoja na chakula au ziliishia kuliwa.

Kukimbia na kuishi porini

Watu wa Ungoni walikimbilia sehemu za aina tatu: misitu ya miombo isiyo na makazi, vilima na mapango, na ng'ambo ya mto Ruvuma katika Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno. Nkosi Chabruma naye alivuka Ruvuma pamoja na wafuasi wake baada ya kushindwa, akauawa huko.

Misitu ya kusini mwa Tanzania ina vyakula vingi vya porini ambavyo wenyeji huvijua. Miongoni mwake ni:

- Viazi vya porini, kama vile ming'oko, vinavyochimbwa ardhini na kupikwa. Aina nyingine, kama ndiga, zina sumu. Ni lazima zikatwe vipande, ziloweshwe majini kwa siku kadhaa na kuchemshwa kabla ya kuliwa.
- Matunda, kama masuku, ambayo hupatikana kwa miezi michache tu ya mwaka.
- Uyoga na mboga za majani, vinavyopatikana hasa wakati wa mvua.
- Asali, samaki wa mitoni na nyama ya wanyama wa porini.

Vyakula hivyo vilizoeleka kuwa nyongeza ya ugali, si badala yake. Vingi vina nguvu ndogo mwilini, vinachukua muda mrefu kutafuta na kutayarisha, na havitoshi pale watu wengi wanapovitafuta katika msitu mmoja kwa miezi mingi. Kuwasha moto wa kupikia kulitoa moshi ulioonekana kwa mbali, na kurudi kwenye mashamba ya zamani kutafuta mabaki kulimweka mtu katika hatari ya kukutana na doria. Waliokuwa dhaifu zaidi, yaani watoto wadogo, wazee na wajawazito, ndio walioathirika kwanza. Mwili uliodhoofika kwa njaa hushindwa kustahimili maradhi kama malaria na kuhara, hivyo vifo vingi vya wakati wa njaa huonekana kuwa vifo vya magonjwa.

Ulinganisho na Wamatengo

Katika mkoa huohuo kuna mfano wa jamii iliyokimbia vita na kuweza kujilisha kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 Wamatengo walisukumwa na mashambulizi ya Wangoni wenyewe hadi kwenye milima mikali ya upande wa Litembo, katika eneo la Mbinga la leo. Wakiwa wamebanwa katika ardhi ndogo yenye miteremko, walitegemea kilimo cha ngoro, kinachojulikana pia kwa jina la mashimo ya Wamatengo.

Katika ngoro, nyasi hufyekwa mwishoni mwa msimu wa mvua na kupangwa mistari inayokatizana kama miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya nyasi, na hivyo kutokea tuta pande zote nne na shimo katikati. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata katika msimu mwingine. Mashimo huzuia maji ya mvua yasibebe udongo, nazo nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Njia hiyo imewezesha miteremko ileile kulimwa kwa vizazi vingi.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ni wazi. Wamatengo walihamia mahali palipokuwa vigumu kushambuliwa, lakini palipolimika, nao waliendelea kupanda kila mwaka. Wakimbizi wa mwaka 1905 na 1906 walifukuzwa wakati wa msimu wa kupanda, hawakuwa na akiba iliyofichwa mbali na vijiji, na adui yao aliwafuata kwa makusudi ili wasipate mahali pa kulima.

Kunyongwa kwa viongozi

Njaa ilivunja nguvu ya upinzani. Viongozi wengi walikamatwa au kujisalimisha katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1906. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wengi wa Kingoni, akiwemo nkosi Mputa Gama, walinyongwa hadharani mjini Songea. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Jumla ya mashujaa wanaokumbukwa mahali hapo ni 67.

Idadi ya vifo

Idadi kamili ya waliokufa katika Ungoni peke yake haijulikani. Kwa eneo lote la vita, serikali ya Kijerumani ilikadiria Waafrika 75,000. Mwanahistoria Mtanzania Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kwa upande wa serikali walikufa Wazungu 15 na askari na wasaidizi Waafrika 389. Pengo kati ya makadirio hayo linatokana hasa na vifo vya njaa, ambavyo havikuandikwa na mtu yeyote wakati vilipotokea.

Matokeo ya muda mrefu

Katika sehemu nyingi za kusini mashamba yaliyoachwa yaligeuka tena kuwa pori. Wanyama wa porini waliongezeka, pamoja nao mbung'o wanaoeneza malale, na kurudi kwa makazi kukawa kugumu zaidi. Sehemu kubwa ya nchi iliyoko kaskazini mashariki mwa Songea baadaye iliwekwa ndani ya Pori la Akiba la Selous.

Mto Ruvuma uliendelea kuwa njia ya wakimbizi. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, safari ilikuwa ya upande wa pili: watu walivuka kutoka kusini kwenda kaskazini, na baadhi yao wakapewa makazi Muhukuru, wilayani Songea, ambako walipata ardhi ya kulima.

Leo Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayozalisha mahindi kwa wingi nchini Tanzania. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Songea, ambako mahindi hununuliwa kwa wakulima na kuwekwa ghalani kwa ajili ya maeneo yenye upungufu. Nchi iliyokufa njaa mwaka 1906 sasa huhifadhi chakula cha mikoa mingine.

Kumbukumbu

Mahali pa kunyongwa na makaburi ya mashujaa pamo katika eneo la Mahenge mjini Songea, penye Makumbusho ya Taifa ya Majimaji. Mashujaa 66 wamelala katika kaburi la pamoja, na Songea Mbano ana kaburi la peke yake. Kila mwaka maadhimisho hufikia kilele tarehe 27 Februari. Kwa mujibu wa ukoo wake, kichwa cha Songea Mbano kilipelekwa Ujerumani, na wazao wake wamekuwa wakidai kirudishwe. Tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao hao na kuomba msamaha kwa matendo ya Wajerumani.

Katika kumbukumbu hizo majina yanayosomwa ni ya walionyongwa. Waliokufa kwa njaa misituni, ambao ndio wengi zaidi, hawana orodha wala makaburi yanayojulikana.

Tazama pia

- Vita vya Majimaji
- Wangoni
- Wamatengo
- Songea Mbano
- Mkoa wa Ruvuma
- Afrika ya Mashariki ya Kijerumani