Somo la Muziki Shuleni Kwetu na Habari za Wimbo Na. 14

Ndugu Mhariri ameniandikia mara mbili akitaka nieleze lini somo la muziki lilianza shuleni kwetu, na lini lilikufa. Barua ya kwanza sikuijibu. Si kwamba swali ni gumu. Taabu ni kwamba mtu hawezi kulijibu sawasawa bila kutaja kosa langu mwenyewe, na kwa umri huu nilikwisha kutumaini kwamba limesahauliwa. Walakini mwaka jana niliyasikia yale yale kwenye mahafali, basi na tuyaseme.

Niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1968. Ndugu zangu wa wakati ule mtaikumbuka ile chati ya turubai iliyotundikwa kwenye ukuta wa bwalo, yenye do, re, mi zikipanda kutoka chini hadi juu kama ngazi. Mwalimu wetu hakuwa na kinanda. Alikuwa na fimbo. Aligusa herufi, nasi tukaimba. Akiruka kutoka do hadi la bila kutuonya, nusu ya darasa ilianguka njiani. Kabla ya Krismasi tulikuwa tunasoma wimbo wa sauti nne tusioupata kuusikia, kama mtu anavyosoma gazeti.

Vijana mliomo madarasani sasa huenda mkadhani herufi zile ni mbinu ya maskini. Hasha. Zilienezwa na mchungaji wa Kiingereza, John Curwen, tangu miaka ya 1840, naye aliichukua mbinu hiyo kwa mwalimu wa kike wa mji wa Norwich, Sarah Glover, akaitengeneza zaidi. Uzuri wake ni kwamba hazihitaji karatasi yenye mistari. Nukta mbili hutenganisha mapigo, kistari huonyesha kwamba sauti inaendelea, na taipureta yoyote yaweza kuandika wimbo mzima juu ya stensili. Wamisionari walizipeleka karibu kila mahali walipofungua shule. Hata wimbo wetu wa Taifa umetoka humo: Enoch Sontonga, aliyeutunga mwaka 1897, alikuwa mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, na aliandika nyimbo zake kwa herufi hizo hizo katika daftari la kawaida. Viongozi wa kwaya waliliazima daftari lile huku na huku, na mwishowe likapotea. Kila nikisimama wimbo unapopigwa hulikumbuka.

Kwaya ya shule ya wavulana ina matata yake. Soprano na alto ni watoto wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, na sauti zao hazikai. Mwaka 1969 nilikuwa soprano. Katikati ya mazoezi, siku moja tu kabla ya kwenda kuimba mjini, sauti yangu ilivunjika kama chungu. Mwalimu hakucheka. Alinionyesha kwa fimbo nihamie mstari wa nyuma, kwenye besi, nikakaa huko hadi nilipomaliza.

Nilirudi shuleni kama mwalimu mwaka 1975, nikakabidhiwa chati ile ile, pembe zake zimeliwa na panya. Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Wakubwa wangu wa kazi walikuwa bado wakiizungumzia hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni. Alisikitika kwamba wengi waliosoma waliweza kucheza dansi za Kizungu lakini hawajapata kucheza, wala hata kuzisikia, ngoma kama gombe sugu na lele mama. Mimi nilikuwa mmojawapo. Mkuu wa Shule aliniita akaniambia, "Mwalimu, tuko Ugogoni, na kwaya yako haina hata wimbo mmoja wa Kigogo." Sikuwa na la kujibu.

Ndipo nikamwendea mzee mmoja wa kijiji cha jirani, mpiga zeze. Jina lake silitaji kwa kuwa sikupata kuwaomba ruhusa watu wake. Nilikwenda Jumamosi nyingi na daftari langu. Yeye aliimba, mimi niliandika. Katika miaka miwili nilipata nyimbo 22. Wa kumi na nne ndio uliopendwa kuliko zote, nao ndio ulionishinda.

Ndani yake mlikuwa na sauti iliyokuwa juu ya la lakini haifiki ta. Nilimwomba mzee airudie. Aliirudia pale pale, mara kumi, bila kutetereka. Nikajiambia kwamba uzi wa zeze umelegea au mzee amechoka, nikaandika ta. Nilikuwa na miaka 23, na nilikuwa na cheti.

Baadaye sana nilisoma maelezo ya wataalamu wa muziki wa Wagogo, nikaelewa. Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. Juu yake hujipanga sauti nyingine ndogo ndogo, ya pili, ya tatu, ya nne na kuendelea. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya ngazi hiyo ya asili, na ile ya saba haimo katika kinanda chochote cha Ulaya. Msikilizeni marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, santuri zake zipo. Mzee wangu hakukosea hata kidogo.

Siku ya Wazazi mwaka 1977 tuliuimba kwa sauti nne, mzee akiwa amekaa mbele kama mgeni wetu. Alipiga makofi kwa dhati. Kisha akanishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, wimbo huu mzuri. Ni wa wapi?"

Wiki iliyofuata nilimwomba aje darasani. Wanafunzi wenyeji waliishika sauti ile mara moja. Waliotoka Pwani na Bukoba walihitaji wiki tatu, na mimi mwalimu wao zaidi ya hapo. Nilichora mshale mdogo kuelekea chini kando ya kila ta. Lakini nilikuwa nimekwisha kupiga chapa nakala nyingi kwenye mashine ya stensili na kuzigawa kwa shule nyingine, nami sikuwafuata wote.

Kufa kwa somo hakuna hadithi ndefu. Shule za sekondari zilikuwa zimepewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Muziki haukuwa mchepuo. Baada ya vita vya 1978 na 1979 karatasi yenyewe ilikuwa adimu, na stensili ndiyo usiseme. Mwaka 1981 vipindi vyangu viligeuzwa kuwa vya Siasa na Kiswahili. Hakuna aliyelipiga marufuku somo, na hata leo Muziki umo katika masomo ya mtihani wa Kidato cha Nne. Hapa kwetu tu ulikosa nafasi kwenye ratiba. Kwaya iliendelea jioni, bila chati. Mzee alifariki 1983.

Sasa nirudi kwenye mahafali ya mwaka jana. Vijana waliimba Na. 14, bila karatasi, vizuri mno, nayo ta ikalia safi kabisa kama nilivyoiandika mwaka 1975. Nilimfuata kiongozi wao. Akaniamkia, "Shikamoo, babu," nikamwuliza wimbo wameutoa wapi. Alisema wamefundishwa na waliowatangulia, nao na waliowatangulia wao, na kwamba ni wimbo wa kale wa Wagogo.

Basi ombi langu ni hili. Mlioimba kati ya 1977 na 1981, hasa ninyi wenyeji mlioishika sauti ile siku ya kwanza, njoni bwaloni Jumamosi ya mkutano wetu saa tatu asubuhi, kabla ya hotuba. Kijana yule ameniahidi kuileta kwaya nzima. Daftari nitakuja nalo, lakini nitalifunga.