Mashine Inayoamka Yenyewe

Baadhi ya kompyuta za mwanzo hazikuhitaji ratiba ya kuwashwa, maana hazikuzimwa. ENIAC, iliyojengwa Philadelphia kwa ajili ya jeshi la Marekani, ilikuwa na mirija ya utupu ipatayo 18,000. Ilipohamishiwa Aberdeen, Maryland, na kuwashwa upya Julai 1947, iliachwa iwake mfululizo hadi ilipostaafishwa Oktoba 1955. Mirija mingi iliungua wakati wa kupata joto au kupoa, si wakati wa kazi. Kwa hiyo umeme uliotumika usiku kucha, hata pale ambapo hakukuwa na hesabu ya kufanya, ulikuwa nafuu kuliko kumtuma fundi asubuhi atafute mrija mmoja mbovu kati ya maelfu.

Ratiba ilikuwa kichwani mwa binadamu. London, kampuni ya J. Lyons, maarufu kwa chai na mikate, ilianza Novemba 1951 kuitumia mashine yake, LEO, kukokotoa thamani ya bidhaa za viwanda vyake vya mikate. Hiyo inahesabiwa kuwa kazi ya kwanza ya kawaida ya ofisi kufanywa na kompyuta wiki hadi wiki. Hapo, na katika vyumba vya kompyuta vilivyofuata, waendeshaji waliingia kwa zamu, wakapanga kadi zilizotobolewa, wakafunga kanda na kuamua mishahara itangulie au ankara. Mwaka 1956 wataalamu wa General Motors na North American Aviation waliandika programu ya IBM 704 iliyoruhusu kazi moja ikiisha nyingine iingie bila kusubiri mkono wa mtu. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ilipanga foleni tu. Mashine ilijua kinachofuata bila kujua ni saa ngapi.

Saa ilipata nafasi yake katika Unix, mfumo endeshi uliozaliwa katika maabara za Bell nchini Marekani. Toleo la saba, lililotoka mwaka 1979, lilikuja na programu ndogo iitwayo cron. Kila dakika iliamka, ikasoma faili moja ya maandishi, ikaangalia kama kuna amri iliyofikiwa na wakati wake, ikaitekeleza, kisha ikalala tena. Kila mstari wa faili hiyo ulianza na sehemu tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki. Kinyota kilimaanisha "yoyote". Mtu aliyeandika `0 2 * * 1` alikuwa ameagiza kazi yake ifanyike kila Jumatatu saa nane usiku. Wasimamizi wa mitambo leo wanaandika sehemu hizo hizo tano, na si miundo mingi ya miaka hiyo iliyodumu hivyo.

Ila cron ya kwanza ilikuwa ya msimamizi peke yake, na amri zake zote zilitekelezwa kwa mamlaka yake makubwa. Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, kilikuwa na kompyuta zilizotumiwa na watu wengi kwa pamoja, na kila mmoja alitaka ratiba yake. Kuzipitia ratiba zote kila dakika kungeilemea mashine. Robert Brown wa chuo hicho alitafuta njia nyingine: matukio yote yapangwe katika orodha moja kwa mfuatano wa wakati, na programu ilale mpaka lile la kwanza lifikiwe. Wazo hilo liliingizwa katika matoleo ya kibiashara ya Unix. Mwaka 1987 mwandishi wa programu Paul Vixie alitoa cron yake bila malipo, nayo ndiyo iliyoenea zaidi katika mfumo endeshi wa Linux ilipofika miaka ya 1990.

Saa nane usiku ilipendwa kwa sababu watumiaji wamelala. Huko Marekani, hata hivyo, ndiyo saa ambayo sehemu kubwa ya taifa husogeza mishale mara mbili kwa mwaka. Katika majira ya kuchipua, dakika zote kati ya saa nane na saa tisa usiku hurukwa, na kazi iliyopangwa humo haifanyiki. Vuli ikija, saa iliyotangulia hurudiwa, na kazi yake inaweza kufanyika mara mbili, jambo lisilopendeza ikiwa ni kazi ya kutoza fedha. Matoleo ya baadaye ya cron yalifundishwa kulishughulikia tatizo hilo. Wasimamizi wa Nairobi na Dar es Salaam, ambako mishale haisogezwi, hawana haja ya kulifikiria isipokuwa seva yao iwe imewekwa kwa saa za nchi nyingine.

Yote hayo yalitegemea mashine isiyolala. Kompyuta ya mezani ilivunja dhana hiyo. IBM PC ya mwaka 1981 haikuwa hata na saa yenye betri, na kila ilipowashwa ilimwomba mtumiaji aandike tarehe na wakati. PC AT ya mwaka 1984 ilirekebisha hilo kwa chipu ya Motorola iliyoendeshwa na betri na fuwele inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Chipu hiyo ilikuwa na kengele, ingawa ilitambua saa, dakika na sekunde tu; tarehe ya kulia haikuwekwa. Tena haikuweza kumwamsha yeyote. Swichi ya PC ilikuwa ya kimakanika, ikikata umeme moja kwa moja, na kengele inayolia ndani ya mashine iliyokatwa umeme haina wa kuisikia.

Wengine waliukubali udhaifu huo. Anacron, iliyoandikwa miaka ya 1990 kwa ajili ya Linux, haikuuliza saa ngapi. Iliuliza ni siku ngapi zimepita tangu kazi ifanywe mara ya mwisho, na kompyuta ilipowashwa ikalipa deni lililolimbikizwa. Kwa ofisi inayozima mashine zote jioni, au inayokatiwa umeme bila taarifa, utaratibu huo una busara kuliko saa kali ya cron.

Mabadiliko yenyewe yalitoka kwenye kisanduku cha umeme. Mwaka 1995 Intel ilitangaza muundo wa ATX, ambamo kitufe cha kuwashia hakikati umeme tena bali hutuma ombi. Kisanduku huendelea kutoa mkondo mdogo wa volti 5 kwenye ubao mama muda wote plagi ikiwa ukutani. Mkondo huo unatosha kuiweka macho sehemu ndogo ya saketi, na kengele ya saa ikilia, sehemu hiyo huamuru volti nyingine zifunguliwe. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walichapisha ACPI, kanuni zilizotaja madaraja ya usingizi wa kompyuta na kuipa kengele nafasi ya siku na mwezi. Tangu hapo "kuzimwa" kumekuwa daraja la usingizi mzito. Kompyuta ya mezani iliyochomolewa plagi haijiwashi kwa ratiba yoyote.

Mkondo huo huo ulifungua mlango wa pili. Novemba 1995 AMD na Hewlett-Packard walieleza ujumbe wa mtandao ambao kadi ya mtandao iliyobaki macho huutambua: baiti sita zilizojaa, kisha anwani ya kadi yenyewe ikirudiwa mara 16. Chuo chenye maabara ya kompyuta mia moja kiliweza sasa kuweka ratiba kwenye seva moja iliyo macho, nayo ikaziamsha nyingine usiku zipokee masasisho.

Programu zilifuata taratibu. Windows 95 ilipata kipanga kazi kupitia kifurushi cha nyongeza, na Windows 98 ikakiweka ndani ya mfumo. Matoleo ya baadaye yaliongeza kisanduku cha kutia alama ili kompyuta iamshwe kwa ajili ya kazi husika. Mac ilipata amri ya pmset, na Linux rtcwake, amri inayoandika wakati wa kuamka ndani ya chipu ya saa kisha kuilaza mashine. Mifumo mipya ya Linux inayotumia systemd huunganisha hayo mawili: faili ya ratiba huweza kuagiza kazi pamoja na kuamshwa kwa mashine iliyolala.

Usalama umeleta kizuizi kingine. Kompyuta ambayo diski yake imefichwa kwa msimbo hujiwasha saa nane usiku kama ilivyoagizwa, lakini ikiwa imepangwa kudai neno la siri kabla ya mfumo endeshi kupakiwa, husimama hapo mpaka mtu afike kuliandika. Kwa sababu hiyo wasimamizi wengi huilaza mashine badala ya kuizima, ili ufunguo wa diski ubaki kwenye kumbukumbu, au hutumia chipu ya usalama iliyo kwenye ubao mama kuufungua bila mtu.